Kitambulisho Kilichowagawa Majirani

Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianza kuwahesabu watu wa Rwanda na kuwapa vitambulisho. Pamoja na jina la mtu, kitambulisho kilitaja kabila lake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu hao walisema lugha moja, waliishi kilima kimoja na walioana. Tofauti zilikuwapo, tena nyingine za kuumiza, maana mwenye ng'ombe na aliyemlimia hawakuwa sawa mbele ya mwami, yaani mfalme. Lakini mtu aliweza kupanda au kushuka. Karani alipokwisha kuandika, safari hiyo ikakatika, na mtoto akarithi kabila la baba yake.

Mimi huanzia hapo ninapoulizwa mauaji ya 1994 yalitoka wapi. Wengi huanzia Aprili 6, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipotunguliwa jijini Kigali, wakaamini kwamba hasira ililipuka usiku ule. Hasira ya usiku mmoja haiandai orodha za majina ya watu wa kuuawa. Uhuru ulikuja 1962, Wabelgiji wakaondoka, vitambulisho vikabaki. Wakati huo maelfu ya Watutsi walikuwa wameshakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Watoto wa wakimbizi hao waliporudi na bunduki Oktoba 1990, wachochezi walipata kisingizio. Desemba mwaka huo gazeti la Kangura lilichapisha amri kumi za Wahutu, zikimwita msaliti kila Mhutu atakayeoa Mtutsi. Julai 1993 redio ya RTLM ikaingia hewani na muziki uliopendwa na vijana, na katikati ya muziki huo majirani wakaitwa mende.

Kisha, ndege ya rais ilipotunguliwa Aprili 1994, vikaja vizuizi vya barabarani. Mpita njia aliamriwa atoe kitambulisho, na neno moja ndani yake likaamua kama atavuka au atauawa. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu aliyepinga siasa za chuki, aliuawa Aprili 7. Mto Kagera ulileta maiti mpaka Ziwa Victoria, na wavuvi wakaziona.

Huko Nyange, magharibi mwa Rwanda, Watutsi wasiopungua 1,500 walikimbilia kanisani. Kanisa hilo lilibomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wao, Athanase Seromba, alishtakiwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na mwaka 2008 rufaa ikamfunga maisha. Mahakama hiyo ndiyo iliyotoa, Septemba 2, 1998, hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Mwaka 2003 ikawatia hatiani watu wa RTLM na mhariri wa Kangura. Nafurahi kwamba maneno nayo yalifikishwa kizimbani, na katika ardhi yetu ya Tanzania.

Tunapohimizwa kuvumiliana, mara nyingi tunaambiwa tunyamaze na kutabasamu. Sidhani kama hilo linatosha. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliuawa watu zaidi ya 1,000, na jina la ukoo au lafudhi ilifanya kazi ile ile ya kitambulisho cha Wabelgiji. Anayemvumilia mwenzake kikweli ni yule anayekataa kumtaja pale anapotafutwa.

Vijana wa Nyange walilifanya hilo. Usiku wa Machi 18, 1997, wapiganaji waliotoka ng'ambo ya mpaka waliingia katika shule ya sekondari ya hapo hapo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, na sita wakafa darasani. Wahutu waliokuwamo wangeweza kuokoka kwa kupiga hatua chache tu. Leo wanafunzi wa Nyange, walio hai na waliokufa, wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa pamoja na Uwilingiyimana, na vitambulisho vya Rwanda havitaji tena kabila.