Irabu Tano, Kutoka Kwanza Hadi Lugulu

Trans Nzoia na jirani yake Bungoma zina majina ya mahali ambayo mpenda maneno hawezi kuyapita bila kuyageuzageuza mdomoni. Mji wa Kwanza una a peke yake. Namanjalala, soko lililo humo humo Kwanza, lina irabu tano na zote ni a. Endebess, iliyokuwa sehemu ya eneo bunge la Kwanza kabla ya mipaka kuchorwa upya kwa ajili ya uchaguzi wa 2013, ni e tupu. Kiminini ni i mwanzo mwisho, na Kimilili vivyo hivyo. Kolongolo, nayo ya Kwanza, ina o nne. Kisha panda matatu ya Kitale kwenda Webuye, na kabla hujafika utaiona Lugulu, yenye shule ya wasichana inayojulikana nchi nzima, na hapo u inatimiza hesabu. Irabu zote za Kiswahili, kila moja na mji wake, ndani ya kaunti mbili zinazopakana.

Hayo ni majina ya irabu moja. Waingereza wapendao mafumbo ya herufi wana mchezo ulio kinyume chake: kutafuta neno moja lililobeba irabu zote tano. Hutaja education kwanza, kwa kuwa kila mtu analijua. Kisha huja sequoia, ule mti mrefu wa California, uliozikusanya zote katika herufi saba tu. Wanaotaka kujigamba hutoa facetious na abstemious, ambamo irabu zimepanga foleni ya alfabeti: a, e, i, o, u. Ni maneno mazuri, lakini hakuna kanuni ya Kiingereza iliyoyazaa hivyo. Kilatini kilileta vipande, tahajia ikaganda, bahati ikafanya yaliyobaki. Tena ni mchezo wa macho kuliko masikio. Ile o ya education iandikwe isiandikwe, sikio halitaisikia.

Je, Kiswahili kina maneno ya namna hiyo? Nilitarajia kuyapata machache, na hayo kwa taabu. Badala yake yalinijia kwa mafungu. Upokeaji, kama upokeaji wa mahindi kwenye maghala ya bodi ya nafaka pale Kitale. Uboreshaji, ambalo hakuna hotuba ya mheshimiwa inayokamilika bila hilo. Uongezaji, na hasa uongezaji thamani. Utokeaji wa wanaisimu, uombeaji wa wanamaombi, uoneshaji. Kila moja lina irabu zote tano, kila irabu mara moja tu, na zote zinasikika zikitamkwa. Ukikubali e ijirudie, ongeza uogeleaji, uongezekaji, na uchomeleaji, kazi ya fundi wa jua kali anayeunga chuma kwa cheche.

Sasa tazama mpangilio. U-po-ke-a-ji. U-bo-re-sha-ji. U-to-ke-a-ji. Daima ni u, o, e, a, i. Hapa bahati haina kazi. Ni sarufi inayofanya kazi yake ya kila siku. Kiambishi u- kinafungua nomino ya kitendo, -aji kinaifunga, na hapo tayari una u, a na i bila jasho. Ukiweka katikati mzizi wenye o, kama som- au tok-, mnyambuliko hukuletea e. Mwanafunzi aliyesomea kauli ya kutendea anaijua kanuni hii hata kama hajapewa jina lake: pika huwa pikia, kata huwa katia, funga huwa fungia, lakini soma huwa somea na leta huwa letea. Mzizi wenye e au o huitaka e. Mingine huitaka i. Wanaisimu huuita ulinganifu wa irabu. Ndiyo sababu safi ikazaa safisha na bora ikazaa boresha.

Mtoto aliyelelewa kwa Lubukusu huko Bungoma hafundishwi jambo hili, analo tayari. Kwake kulima ni khulima, na kulimia ni khulimila. Lakini khusoma huwa khusomela. Kanuni ni ileile, na imeenea katika lugha nyingi za Kibantu.

Kanuni hiyohiyo inayotupa upokeaji ndiyo inayotunyima facetious yetu. Foleni ya alfabeti inahitaji u baada ya o, na Kiswahili hakipendi. Funga hufunguka kwa -ua, fungua. Choma, kwa kuwa ina o, hupata -oa na kuwa chomoa. Nilichokipata karibu zaidi ni kitenzi kilichotokana na sifa, pofu: pofua. Kiongozi ameipofua jamii kwa uongo wake, tunaweza kusema tukimlaumu: a-me-i-po-fu-a. Ni a, e, i, o, u kwa mstari ulionyooka, kisha a ya mwisho inatokeza kichwa na kuharibu picha. Zaidi ya hayo ni kitenzi, na vitenzi vyetu hubeba sentensi nzima mgongoni, hivyo kuvitumia ni kama kucheza bao ukiwa na kete za akiba mfukoni. Aliyekuona nalo lina irabu zote tano; hakuna anayelistahi kwa hilo.

Basi na tubaki na nomino. Je, ipo yenye tano zote isiyofuata njia ya u-o-e-a-i? Nomino za -ano zinavutia, kwa kuwa u, a na o zimo tayari. Zinakosa e na i tu. Lakini tazama: uelewano, utegemeano zina e bila i; ushirikiano, uhusiano zina i bila e. Ulinganifu ule ule umesimama mlangoni. Maneno ya kigeni, kama neurolojia, hayatii sheria hiyo, nami siyahesabu kwa kuwa yamekuja na irabu zao kutoka kwao. Atakayeleta uelewanoni, kwa kubandika -ni ya mahali, nitampa alama yake, ila shingo upande.