Gereji Imekataa Dhamana ya Gari: Haki ya Mwenye Gari ni Ipi?

Suala hili tunaletewa kwa sura nyingi. Gari imefungwa gia boksi, fundi akasema "dhamana miezi mitatu", mwezi wa pili haujamalizika inagoma tena. Ukirudi gereji unaambiwa umeiendesha vibaya.

Kwanza tutenganishe spea na kazi. Spea aliyokuuzia mwenye gereji ni biashara. Ikiwa ilikuwa na kasoro kabla hujaipokea, nawe hukuijua, una khiyari ya kuirudisha na kurejeshewa fedha zako, hata kama dhamana haikutajwa. Lakini usichelewe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu, mwenye kuijua kasoro kisha akaendelea kukitumia kitu hupoteza haki ya kukirudisha. Gari ikianza kulia, iegeshe; usimalizie kwanza safari ya Makunduchi.

Kazi ya mikono ni ujira. Fundi akiharibu kitu chengine ndani ya gari, kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kuwa yeye ni mwaminiwa, halipi mpaka ithibitike amezembea. Wamaliki huwalipisha mafundi, na imepokewa hivyo pia kwa Sayyidna Ali (radhiya Llahu anhu), ili mali za watu zisipotee.

Ama ile miezi mitatu, hiyo ni sharti, na sharti la halali humfunga aliyelitoa. Aya ya kwanza ya Suratul Maida imeamrisha kutimiza mikataba. Tabu ni ushahidi: anayedai ndiye wa kuuleta, anayekanusha huapa. Risiti iliyoandikwa "gia boksi" basi haikusaidii. Iandikwe namba ya gari, kilomita, spea ni mpya au ya mtumba, muda wa dhamana, na yanayoivunja.

Mkivutana, usimpe fundi mwengine aifungue kabla ya yule wa mwanzo kuiona. Chagueni pamoja fundi wa tatu aikague, nanyi nyote mpo. Na kama uliiendesha ukijua oili inavuja, mwambie. Sulhu mtakayofikia iandikwe mbele ya mashahidi, sheha anafaa.

Wengine hukimbilia kwa Kadhi, lakini mahakama yake hapa Zanzibar ni ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Madai ya fedha hupelekwa mahakama za kawaida, na malalamiko ya mnunuzi hupokewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Kwenda huko kudai haki yako hakuna ubaya.

Wallahu a'lam.