Kahawa Ilivyoingia Jikoni Karagwe na Kyerwa

Kahawa ya Karagwe ilitafunwa zamani sana kabla haijanywewa. Mwingereza Richard Burton alipokuwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1858, alisikia habari zake kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wakipanda kaskazini kufuata pembe za ndovu. Yeye mwenyewe hakufika Karagwe, lakini kitabu chake cha 1860 kinasimulia kwamba watu wa huko hutafuna buni badala ya kuinywa. Mwenzake John Speke alifika mwishoni mwa 1861 pamoja na James Grant, wakapokewa na Mukama, yaani mfalme, Rumanyika kwa ukarimu ambao wageni wale waliusifu maisha yao yote. Si mbali na ikulu ya Bweranyange palikuwa na Kafuro, makao ya wafanyabiashara waliotoka pwani, watu ambao kwao kahawa ni ya kukaanga, kutwanga na kumimina kwenye kikombe. Kwa hiyo ustaarabu wa aina mbili wa kahawa ulikutana Karagwe zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, umbali wa kutembea kwa miguu, na kila upande ukabaki na wake.

Wenyeji hawakuwa na sababu ya kuiga. Mbuni wa robusta ni mmea wa asili wa ukanda huu wa Ziwa Viktoria. Hapa haukuletwa na meli ya mtu yeyote. Buni zilichumwa zikiwa hazijaiva sana, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa juani mpaka zikakauka na ganda lake. Hiyo ndiyo akamwani, ambayo mpaka leo huuzwa Bukoba ikiwa imefungwa kwenye vifurushi vidogo vya majani ya mgomba. Mgeni aliyeingia nyumbani alikaribishwa nayo kabla ya chakula. Wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walitumia buni mbili za tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake ikiwa na damu. Katika falme za Buhaya, upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya mkono wa Mukama. Mtu hakujipandia tu. Mtoto wa enzi hizo alijifunza kahawa kama adabu: namna ya kuipokea kwa mikono miwili, na namna ya kuisubiri mpaka wakubwa wachukue kwanza.

Halafu wakaja wakoloni na kodi yao. Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu. Meli za ziwani zikaunganisha Bukoba na reli hiyo, na buni iliyokuwa ya kutafunwa ikawa mzigo unaolipa gharama ya safari mpaka Ulaya. Wamisionari wa White Fathers wakaleta miche ya arabika. Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakasukuma upandaji kwa nguvu, na kanuni zao za namna ya kutunza mibuni zikawachosha wakulima kiasi kwamba mwaka 1937 yalizuka maandamano na vurugu huko Buhaya. Wakulima walikuwa na hoja: shamba lile lile lenye kahawa ndilo lenye migomba inayolisha nyumba, na mtu aliyetoka mbali asingeweza kuwafundisha kibanja chao.

Vyama vya ushirika navijumlisha kwa ufupi, maana historia yake ni ndefu na inajulikana. Bukoba Native Co-operative Union ilianzishwa mwaka 1950. Serikali ikavunja vyama vikuu vyote mwaka 1976, ikavirudisha miaka ya 1980, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake chenyewe, KDCU. Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe. Ilikuja kuwa wilaya mwaka 2012. Mnyauko fuzari ulithibitishwa Kagera mwaka 1997, ugonjwa wa kuvu unaokausha mbuni mzima, na dawa yake ni kuung'oa na kuuchoma moto pale pale ulipo. Familia zilizoona nusu ya kibanja ikigeuka kuni ziliendelea kupanda, na watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa nchini, wakatoa miche ya robusta inayostahimili ugonjwa huo.

Katika miaka hiyo yote, jambo moja halikubadilika, nalo ndilo linalonisukuma kuandika. Mtoto wa Karagwe alifundishwa kuchuma, kuanika, kugeuza, kukusanya mvua ikitishia, na kubeba gunia mpaka kwenye mzani. Kukaanga hakufundishwa. Kazi hiyo ilifanywa Ulaya, au kwenye kiwanda cha Tanica pale Bukoba kinachotengeneza kahawa ya unga ya kuyeyuka. Kahawa ililipa ada, ikanunua bati na sare za shule, na asubuhi mezani pakawa na chai ya rangi iliyonunuliwa dukani. Nyumba iliyozungukwa na mibuni mia tatu ilikuwa haina kikombe kimoja cha kahawa yake.

Sasa zipo nyumba zinazobadilisha hilo, na nimeona moja upande wa Nkwenda, Kyerwa. Bibi mwenye nyumba anamfundisha mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la tano. Wanaanza na kahawa ya maganda iliyokauka sawasawa, ile ambayo ukiitikisa mkononi buni inalia ndani. Wanaitwanga kwenye kinu taratibu, mchi ukishuka kwa uzito wake tu, kwa sababu ukiupiga kwa hasira unavunja buni, na buni iliyovunjika huungua kabla ya nzima kuiva. Kisha ungo. Maganda yanaruka, buni inabaki, na hapo ndipo kazi ya macho inapoanza: nyeusi inatolewa, iliyotobolewa na wadudu inatolewa, ile iliyopauka na kukunjamana kwa kuchumwa mbichi inatolewa. Kilo mbili za maganda hutoa takribani kilo moja ya buni safi. Baada ya kuchambua, hupungua zaidi.

Kaango linawekwa kwenye mafiga, kuni zikiwa zimeshatulia na kubaki makaa. Bibi hataki moto wa kulamba. Buni zinamwagwa kidogo, zifunike tu kitako cha kaango, na mwiko haukomi kuzunguka. Dakika za mwanzo hakuna cha kuona. Buni inatoa maji na harufu ya majani makavu. Inageuka njano, halafu rangi ya udongo wa barabarani, na harufu inakuwa ya mkate. "Mjukuu wangu, funga macho usikilize," bibi anasema, na mtoto anasogeza sikio. Buni zinaanza kupasuka, moja moja, halafu nyingi kwa pamoja kama mahindi ya bisi. Huo mlio ndio saa ya mpishi wa kahawa. Ukiitoa kabla yake, kinywaji kina ladha ya nyasi. Ukiiacha mpaka mafuta yatoke nje na moshi uwe wa buluu, unakunywa mkaa.

"Sasa, bibi?"

"Bado. Hesabu pumzi kumi."

Zikitoka motoni zinamwagwa kwenye ungo na kupepetwa upesi zipoe, maana joto la ndani linaendelea kuzipika. Ngozi nyembamba zinapeperuka. Buni iliyokaangwa imepungua uzito, kama kilo moja kubaki gramu mia nane na kitu, lakini imevimba. Inaachwa ipumzike mpaka kesho yake, kwa kuwa hewa iliyojificha ndani huharibu kinywaji kikitengenezwa siku ile ile. Kesho inatwangwa, inachekechwa, na maji yaliyochemka yanaachwa yatulie kidogo kabla ya kumiminwa. Mtoto anaonja kijiko kimoja tu. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na mwili wa mtoto si wa kuuzoesha hilo.

Kijiko hicho kimoja kina elimu ambayo mabwana shamba wamejaribu kuitoa kwa semina nyingi. Siku nyingine bibi alikaanga makusudi kahawa iliyoanikwa chini, bila mkeka wala turubai, akampa mjukuu aonje pamoja na ile ya kichanjani. Mtoto alikunja uso, akasema ina udongo. Tangu hapo hakuna anayemkumbusha kuanika juu. Amri ya kuchuma kahawa mbivu tupu imetolewa na kila mtawala tangu wakati wa mkoloni, ikavunjwa kila msimu, kwa sababu aliyeamriwa hakuwahi kuonja tofauti yake. Aliyeonja hahitaji karani wa kumsimamia.

Kuna jambo zito zaidi. Kagera inaijua butura: mzazi anayebanwa na ada au ugonjwa anauza kahawa ikiwa bado maua kwenye mti, kwa bei ya mnunuzi, na msimu ukifika anachuma mali ya mtu mwingine. Tangu 2018 serikali imeelekeza kahawa ipitie AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na minada imesogezwa karibu na mkulima, lakini butura haijaisha, na magendo ya kuvuka mpaka kwenda Uganda hayajaisha. Kukaanga nyumbani hakuwezi kuondoa shida ya fedha, na sisemi kwamba kunaweza. Ila mtu anayejua gunia lake lina nini ndani yake hupata ugumu wa kuliuza likiwa ua. Septemba 2024 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani katika soko la London. Aliyekuwa ameshauza butura miezi michache kabla aliisikia bei hiyo redioni.

Elimu hii ni nyepesi kuliko tunavyoidhani. Kinu kipo, ungo upo, kuni zipo, na bibi wengi bado wapo hai wenye subira ya kusimama mbele ya kaango. Wazazi wa Karagwe na Kyerwa, msimu utakapofunguliwa, kabla gunia la kwanza halijapelekwa AMCOS, tengeni debe moja la kahawa mbivu iliyoanikwa vizuri kwa ajili ya nyumba, na mkabidhini mtoto mwiko.