Kinasa-sauti cha ofisi kama chanzo cha historia: mikanda ya kesi ya Rivonia

Tangu Jan Vansina alipochapisha De la tradition orale mwaka wa 1961, wanahistoria wa Afrika wameyapa masimulizi ya mdomo nafasi kando ya maandishi. Kipo chanzo cha tatu kisichotajwa mara nyingi: sauti iliyonaswa na mashine ya ofisi. Makala haya yanaonyesha jinsi chanzo hicho kinavyonyamaza, na jinsi kinavyofufuliwa.

Unasaji wa sauti ulikusudiwa tangu mwanzo kuwa kazi ya ukarani. Thomas Edison aliunda fonografu mwaka wa 1877; mwaka uliofuata, alipoorodhesha manufaa yake, alitanguliza uandishi wa barua. Mkubwa angesema mbele ya mashine, na karani angesikiliza baadaye na kuandika. Jina la Dictaphone liliandikishwa mwaka wa 1907, enzi ya silinda za nta. Barua ikishapigwa chapa, silinda ilikwanguliwa ili itumike tena. Sauti ilikuwa mtumishi wa maandishi, na utumishi wake ulikuwa wa muda.

Hali ilibadilika mwaka wa 1947, ilipotolewa Dictabelt, yaani ukanda wa plastiki wenye umbo la pete pana. Sindano haikuichonga plastiki, bali iliikandamiza na kuacha mfuo usiofutika. Hivyo karani akawa mhifadhi bila kukusudia.

Mfano mkubwa wa jambo hilo uko Afrika ya Kusini. Kesi ya Rivonia iliyosikilizwa Pretoria mwaka wa 1963 na 1964 ilinaswa kwa mikanda hiyo. Tarehe 20 Aprili 1964 Nelson Mandela alisimama kizimbani akasema kwa muda wa saa tatu hivi. Tarehe 12 Juni, yeye na wenzake saba walihukumiwa kifungo cha maisha. Sheria za ubaguzi zilikataza maneno yao yasinukuliwe hadharani. Lakini mahakama ya serikali hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuyaweka: mikanda 591, yenye saa 256 hivi za sauti.

Kuwa na mikanda hakukutosha. Mashine zake zilikuwa zimetoweka katika maofisi. Mashine ya zamani inayopatikana huwa na sehemu za mpira zilizokauka au kulainika, na mwendo wake hauaminiki. Nao ukanda uliohifadhiwa ukiwa bapa hufanya makunyanzi, na sindano huruka kila inapoyafikia. Mfaransa Henri Chamoux alikuwa ameunda Archéophone kwa ajili ya silinda za zamani: chombo chenye mkono mwepesi na mwendo unaorekebishwa. Kwa chombo hicho, taasisi ya Ufaransa iitwayo INA iliisoma mikanda ya Rivonia katika miaka ya 2010, na sauti zikarudishwa Afrika ya Kusini. UNESCO ilikuwa imekwisha kuziingiza kumbukumbu za kesi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka wa 2007.

Maandishi ya kesi yalikuwapo. Kilichokosekana ni namna ya kusema: kusita, mkazo, utulivu wa mshtakiwa anayekabili hukumu ya kifo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa vyuo vyenye kanda za masimulizi, daftari hilo ni pamoja na mashine ya kuzisoma, fundi anayeijua, na nakala iliyofanywa kabla mashine haijanyamaza.