Redio ya Mjapani kwenye barabara ya Zambia

Magari ya IT, yale yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa moja kwa moja hadi ng'ambo ya mpaka, hufika Tunduma yakiwa bado yanaongea Kijapani. Dereva akiwasha, sauti ya mwanamke inamkumbusha kwa adabu kwamba hajachomeka kadi ya kulipia barabara za huko kwao, barabara ambazo gari hilo halitazikanyaga tena. Kioo cha ramani kinawaka na maandishi ambayo si dereva, si wakala wa forodha, wala si mteja anayesubiri Lusaka anayeweza kuyasoma. Halafu ijaribu redio. Namba zinaanzia 76.0, zinapanda taratibu, zikifika 90.0 zinarudi tena 76.0. Ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar hadi Tunduma, na sehemu kubwa ya safari hiyo redio haipati kitu.

Si mbovu. Ni nzima kabisa, ila imetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Sehemu kubwa ya dunia imeweka FM kati ya 87.5 na 108. Japani waliiweka kati ya 76 na 90, kwa sababu huko juu walishapanga watu wengine: masafa ya 90 hadi 108 yalikuwa ya chaneli tatu za kwanza za televisheni. Jijini Tokyo, chaneli ya kwanza ilikuwa ya NHK, shirika lao la utangazaji, nayo ilichukua 90 hadi 96. Maana yake ni kwamba EFM ya Dar es Salaam, iliyopo 93.7, imekaa palepale ambapo Wajapani kwa miaka mingi walikuwa wakitazama taarifa ya habari. Redio ya Corolla ya miaka ya 1990 haikuwa na sababu ya kufika huko.

Dar es Salaam tatizo hili halikuuma sana. East Africa Radio ipo 88.1, Clouds FM 88.5, zote zinaingia kwenye redio ya Mjapani bila kuguswa. Mwenye gari wa Kinondoni angeweza kukaa miaka bila kujua kwamba kuna vituo asivyovipata. Lakini kituo kinachorusha mikoa mingi hubadilisha masafa kila kinapofika, na ukishapita Morogoro bahati hiyo ya namba inakwisha. Ndiyo maana naamini mtu wa Tunduma aliujua mpaka wa 90 mapema kuliko mtu wa Kariakoo. Historia ya muziki ndani ya gari katika kona hii ya nchi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu kutafuta njia ya kuuzunguka mpaka huo.

Mkoa wa Songwe, ambamo Tunduma imo, wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa. Barabara ndiyo ya zamani. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini imo mikononi mwa adui, ikageukia Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaanza kupeleka mafuta juu na kushusha shaba chini, kupitia Tunduma, kwenye njia ya vumbi kiangazi na tope masika. Wazungu waliipa jina la jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likaja 1968, lami ikakamilika miaka ya mwanzo ya 1970, reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976.

Lori lililokuwa na redio enzi hizo lilisikiliza mawimbi ya kati. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ndiyo iliyokuwa sauti ya ndani, na usiku, mawimbi ya kati yanapodunda angani na kurudi chini mbali sana, dereva aliyelala mpakani angeweza kuzungusha kitufe akazipata nchi kadhaa. Na hapa kuna jambo ambalo mara nyingi husahaulika: kwenye mawimbi ya kati, gari la Japani halikuwa na shida yoyote. Mkutano wa Geneva wa 1975 ulipanga vituo vya Afrika, Ulaya na Asia kwa hatua moja ya kilohezi 9, Japani wakiwemo. Redio iliyotoka Nagoya ilihesabu hatua zilezile za Redio Tanzania.

Kilichokuja kuongezeka ni kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, na katika miongo miwili ikaingia kwenye dashibodi za dunia nzima. Kwetu ilipata kazi ambayo watengenezaji hawakuipanga. Nchi haikuwa na kiwanda cha maana cha kuchapa santuri, bendi zilirekodiwa Redio Tanzania, na anayetaka wimbo aliutegea redioni akiwa na kanda tupu, kidole juu ya kitufe, akiomba mtangazaji asiingilie katikati. Hivyo kanda nyingi za magarini zilikuwa redio iliyogandishwa: muziki wa dansi, kipande cha tangazo, salamu za wagonjwa hospitalini. Tunduma kanda zilikuja pia kutoka upande wa pili. Nakonde ni kuvuka barabara tu, na kalindula ya Zambia haikuhitaji hati ya kusafiria.

Bajeti ya 1984 ililegeza uagizaji wa bidhaa kutoka nje kwa mwenye fedha zake za kigeni, na katika muongo uliofuata magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Wakati huohuo utangazaji ukafunguliwa: sheria ya 1993, Radio One hewani 1994, Clouds FM 1999. Mambo haya mawili yalikuwa ya heri kila moja peke yake. Yalipokutana ndani ya gari, hayakuelewana. Vituo vipya vilikuwa vya FM, magari mapya yalikuwa ya Japani, na kati yao umesimama ule mpaka wa 90.

Dawa ya kwanza ilikuwa kidude kidogo kinachofungwa nyuma ya redio, kati ya waya wa antena na tundu lake. Kinapokea masafa ya huku na kuyashusha kwa kiasi kimoja, mara nyingi megahezi 20, ili yaangukie ndani ya uwezo wa redio. Kituo cha 98.0 unakipata kwenye 78.0. Kinafanya kazi, lakini kwa masharti. Dereva lazima atoe 20 kichwani kila anaposikia tangazo la masafa. Abiria akimwambia “weka mia na moja”, yeye anatafuta 81. Pia kituo chenye nguvu kilichokuwa kikishika chenyewe, bila kushushwa, huendelea kupenya na kupanda juu ya kile ulichokitafuta. Na vidude vya bei ya chini vilileta mvumo ambao mwenye gari alikuja kuuzoea kama harufu ya gari lake.

CD haikukaa sana huku. Diski na barabara ya vumbi havipatani, na kufikia wakati magari yenye CD yanafika kwa wingi, memori kadi zilishaanza. MiniDisc ndiyo haikufika kabisa. Sony waliitoa 1992, Wajapani wakaipenda, wakaiweka kwenye magari yao, na hadi leo ukikaa kwenye Noah au Mark II ya zamani utaona kijitundu chembamba kilichoandikwa MD ambacho hakijawahi kumezeshwa kitu tangu gari livuke bahari. Nimeona mtu akikitumia kuhifadhi risiti za maegesho. Nadhani ndiyo matumizi bora kuliko yote kiliyowahi kupata huku.

Redio zenye ramani zilileta mkasa wake. Nyingi husoma ramani kutoka kwenye kadi, na kadi hiyo ikitolewa, au betri ikichomolewa ili gari lichomelewe au lipakwe rangi, kioo kinajifunga. Kinadai namba ya siri au kinadai kadi, kwa Kijapani. Ramani yenyewe ni ya Japani, kwa hiyo hakuna aliyeililia. Kilichouma ni kwamba redio, na wakati mwingine kamera ya nyuma, vilifungiwa humohumo. Hapo ndipo fundi redio alipopata kazi ya kudumu: kung'oa chote.

Kung'oa ni rahisi, kuvalisha ndiko kuna ufundi. Tundu la dashibodi ya Toyota lina upana wa milimita 200, redio nyingi za madukani zina 178, hivyo inabaki nafasi ya kama sentimita moja kila upande. Fundi anayejali kazi yake anaiziba kwa fremu. Asiyejali anakuachia mwanya unaoingiza vumbi la kahawa ya Mbozi. Nyuma kuna soketi mbili za Toyota, ya pini 10 na ya pini 6, na redio mpya inakuja na rundo la waya zenye rangi. Wa njano ndio unaolisha kumbukumbu muda wote, mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa, mweusi ni ardhi, na jozi za nyeupe, kijivu, kijani na zambarau zinaenda kwenye spika. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio inasahau kila kitu ukizima gari. Ukiona mtu anatafuta stesheni zake upya kila asubuhi, tatizo limeanzia hapo.

Tunduma ina somo la ziada ambalo fundi wa mjini huenda asikutane nalo kwa mwaka mzima: malori hutumia volti 24. Redio ya volti 12 ikiungwa moja kwa moja inaungua kabla haijaimba. Inatakiwa konvata ya kushusha umeme. Njia ya mkato ni kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili zilizounganishwa, na madereva wengi wameipita. Inafanya kazi kwa muda, huku betri moja ikichoka kuliko mwenzake, na siku moja lori linagoma kuwaka katikati ya foleni ya forodha.

Bluetooth ilifika katika mji huu kwa mlango usiotarajiwa. Ilianza 1994 kwenye maabara za Ericsson mjini Lund, Sweden, ambako mhandisi Mholanzi, Jaap Haartsen, alikuwa akitafuta namna ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba wakaungana kuisimamia. Mawimbi yake yako kwenye gigahezi 2.4, yanaruka kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde ili yasigongane na ya jirani. Kanuni ya kurusha muziki wa stereo ilipitishwa 2003 tu. Kabla ya hapo gari lenye Bluetooth lilikuwa la kupokelea simu.

Watanzania wengi hatukuijua kwa njia hiyo. Tuliijua kwa neno “nirushie”. Simu mbili zinakaribiana, wimbo unahama, asilimia zinapanda polepole, na asiondoke mtu. Kwa miaka kadhaa Bluetooth ilikuwa msambazaji wa Bongo Fleva mwenye nguvu kuliko duka lolote, na wala haikuwa na uhusiano na spika. Wazo kwamba wimbo unaweza kubaki kwenye simu, ikaenda sauti peke yake, lilikuja baadaye, pamoja na simu janja.

Vipokezi vya Bluetooth vya kufunga garini ni vya aina kadhaa, na hapa nina upendeleo wangu. Kile kinachochomekwa kwenye tundu la AUX ni bora kuliko vyote, na gari lenye tundu hilo halihitaji redio mpya. Kuna kaseti ya bandia inayoingizwa kwenye redio ya zamani na kuidanganya kwamba kanda inazunguka. Sauti yake ni ya heshima kuliko watu wanavyodhani. Na kuna ile transmita ya kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara, inayopokea muziki kwa Bluetooth kisha kuurusha kwa FM hadi kwenye redio iliyo nusu mita pembeni. Hiyo ndiyo iliyoenea kuliko zote kwa sababu haihitaji fundi, nayo ndiyo inayoturudisha kwenye ule mpaka. Inarusha kati ya 87.5 na 108. Redio ya Mjapani inaishia 90. Zinabaki megahezi mbili na nusu za kukutania.

Kwenye foleni ya Tunduma, malori yamebanana kuelekea kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019, megahezi hizo mbili na nusu hugeuka uwanja mdogo. Transmita mbili zikiwa kwenye 88.0, gari lililo karibu zaidi ndilo linaloshinda, na unaweza kusikia mahubiri yako yakimezwa na muziki wa jirani anaposogea mita moja mbele. Dawa ni kuhama hatua chache. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwa kufuata injini, huo si mgongano wa masafa. Mara nyingi chanzo ni kipokezi cha AUX kinacholishwa umeme wa gari huku kimeunganishwa na redio hiyohiyo, hivyo kelele za altaneta hupita kwenye ardhi ya pamoja. Kijaribu kwa betri yake chenyewe. Mlio ukinyamaza, umeshajua.

Uimara wa kipokezi cha AUX, kwa maoni yangu, hautokani na ubora wa sauti. CD ilikuwa na sauti bora. Nguvu yake ni kwamba hakijali gari lilitengenezwa kwa ajili ya nchi gani. Hakiulizi masafa, hakihitaji kadi ya ramani, na ukishuka Kitonga ambako vituo vinapotea nyuma ya milima, wimbo unaendelea. Kilichopotea ni taarifa ya saa mbili usiku ambayo gari zima liliisikiliza pamoja, penda usipende.

Huko Japani kwenyewe mpaka umeshasogezwa. Televisheni ya analogia ilizimwa Julai 2011, isipokuwa Iwate, Miyagi na Fukushima zilizopigwa na tsunami na kuongezewa muda hadi Machi 2012. Masafa yakabaki wazi, na kuanzia mwishoni mwa 2014 vituo vya mawimbi ya kati vya huko vikaanza kuruhusiwa kupanda kwenye FM kati ya 90 na 95. Redio za magari zikaongezwa uwezo kwa ajili yao. Magari ya miaka hiyo ndiyo sasa yanashuka bandarini kwa wingi, na mengi yanaipata EFM ya 93.7 bila kuguswa na fundi. Mwenye hamu ya Times FM, iliyopo 100.5, bado atahitaji kidude nyuma ya redio, au simu yake.