Lugha Ndogo, Sauti Kubwa: Riwaya ya Max Havelaar na Nafasi ya Kiholanzi katika Fasihi ya Dunia

Mwalimu mwenzangu, ukiwauliza wanafunzi wako wataje kazi moja iliyoandikwa kwa Kiholanzi, yamkini darasa zima litanyamaza. Hata hivyo, huenda mmoja wao amekwisha kusoma shajara ya Anne Frank. Shajara hiyo, iliyochapishwa mwaka wa 1947, iliandikwa kwa Kiholanzi. Msomaji humkumbuka msichana aliyejificha Amsterdam, lakini lugha aliyoitumia haimjii akilini. Makala haya yanachunguza hali hiyo, na kuuliza inatufunza nini sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili.

Kiholanzi kina wazungumzaji wapatao milioni 24, hasa Uholanzi, Flanders nchini Ubelgiji, na Suriname. Fasihi yake ni kongwe. Katika karne ya 13, mshairi aliyejulikana kama Willem alitunga utenzi wa Reynaert, mbweha mlaghai anayemhadaa mfalme simba. Bila shaka msomaji atamkumbuka Sungura wa ngano zetu. Mwishoni mwa karne ya 15 palikuwa na tamthilia ya Elckerlijc, ambayo wahakiki wengi wanaiona kuwa asili ya Everyman ya Kiingereza. Lakini hadi mwaka wa 2025, Tuzo ya Nobel ya fasihi haikuwa imemwendea mwandishi yeyote wa Kiholanzi. Maurice Maeterlinck, mzaliwa wa Ghent huko Flanders, aliipata mwaka wa 1911, ila yeye aliandika kwa Kifaransa. Sisi nasi tunalijua jambo hili: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliipata mwaka wa 2021 kwa kazi alizoandika kwa Kiingereza. Riwaya yake ya Paradise ilitufikia kwa Kiswahili mwaka wa 2022, ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Je, lugha isiyo na wasomaji wengi duniani husikikaje? Tuitazame Max Havelaar, riwaya ya mwaka wa 1860. Mwandishi wake, Eduard Douwes Dekker, alijiita Multatuli, jina la Kilatini lenye maana ya 'nimestahimili mengi'. Kuanzia mwaka wa 1830 serikali ya Kiholanzi iliwalazimisha wakulima wa Java kuzalisha kahawa, miwa na nili kwa ajili ya soko la Ulaya. Mwaka wa 1856 Dekker alipelekwa Lebak, magharibi mwa Java, akiwa afisa wa utawala. Alimshtaki mtawala wa kienyeji kwa kuwanyang'anya raia mali na kuwatumikisha bila malipo. Wakubwa wake hawakumuunga mkono, naye akajiuzulu baada ya miezi michache.

Kifani, riwaya hii ina mengi ya kumfaidi mwanafunzi. Msimulizi wa kwanza ni Droogstoppel, dalali wa kahawa wa Amsterdam anayejisifu kwa uchaji Mungu na ukweli. Kila anapojisifu, anajiumbua. Hiki ni kinaya kinachodumu. Ndani ya masimulizi yake mna kisa cha Havelaar, na ndani ya kisa hicho mna hadithi ya Saidjah, kijana ambaye nyati wa babake wananyang'anywa. Anakwenda Batavia, Jakarta ya leo, kutafuta fedha ili amwoe Adinda. Anaporudi, hamkuti. Mwishoni anamkuta amekufa katika kijiji kilichovamiwa na majeshi ya Kiholanzi. Kisha Multatuli mwenyewe anajitokeza, anawafukuza wasimulizi wake, na kumgeukia Mfalme Willem wa Tatu.

Kitabu hicho nusura kinyamazishwe. Mhariri wake, Jacob van Lennep, alichukua hakimiliki, akaficha majina ya mahali na tarehe. Ilibidi Dekker angoje hadi mwaka wa 1875 kutoa toleo alilolisahihisha mwenyewe. Hata hivyo, tafsiri ya Kiingereza ilikuwa imetoka mwaka wa 1868. Tafsiri ya Kiindonesia ya H.B. Jassin ilitoka mwaka wa 1972, na mwaka wa 1999 Pramoedya Ananta Toer, mwandishi mashuhuri wa Indonesia, alikiita kitabu kilichoua ukoloni.

Tusiisifu riwaya hii kupita kiasi. Multatuli hakudai Waholanzi waondoke Java. Alidai watawale kwa haki. Wajava wanalia ndani ya kitabu, lakini kalamu imo mkononi mwa Mzungu. Mhakiki asiyeliona hili ameisoma nusu.

Kwa maoni yangu, mafunzo ni mawili. Kwanza, Dekker aliandika kwa lugha ya wale aliowashtaki, ndiyo maana kitabu kiliwachoma. Mwandishi wa Kiswahili anayewakosoa viongozi wetu kwa lugha wanayoisikia wananchi ana nguvu hiyo hiyo. Pili, mfasiri si mtumishi wa pembeni. Waholanzi walilitambua hilo: wana mfuko wa umma unaogharimia tafsiri za vitabu vyao. Mwaka wa 2020, Marieke Lucas Rijneveld alipopata Tuzo ya Kimataifa ya Booker, aligawana zawadi na mfasiri wake, Michele Hutchison.

Sisi tuna wazungumzaji wengi kuliko Kiholanzi. Basi, mwalimu, unapofundisha riwaya teule, wape wanafunzi ukurasa mmoja waufasiri, kisha wauulize: kipi kimepotea njiani, na nani ataipeleka kazi hii kwa asiyejua Kiswahili?