Campeonato Brasileiro Série A 2023

Campeonato Brasileiro Série A 2023 (kwa kifupi Brasileirão 2023) ulikuwa msimu wa Ligi Kuu ya mpira wa miguu nchini Brazili uliochezwa kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 6 Desemba 2023. Ulikuwa msimu wa 21 tangu mwaka 2003, ligi hiyo ilipoanza kuchezwa kwa mfumo wa kila timu kukutana na nyingine nyumbani na ugenini. Palmeiras ya jijini São Paulo ilitwaa ubingwa kwa alama 70. Lilikuwa taji lake la 12 na la pili mfululizo.

Hata hivyo, msimu huu unakumbukwa zaidi kwa timu mbili ambazo hazikuchukua kombe. Botafogo ya Rio de Janeiro iliongoza ligi kwa miezi mingi, wakati fulani kwa tofauti ya alama 13, kisha ikamaliza katika nafasi ya tano. Santos, klabu aliyoichezea Pelé, ilishuka daraja kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe mwaka 1912.

Muundo wa ligi

Tofauti na ligi nyingi za Ulaya na Afrika Mashariki zinazoanza mwezi Agosti, msimu wa Brazili huanza na kumalizika ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Mwaka 2023 miezi ya kwanza ya mwaka ilitumika kwa mashindano ya majimbo, na ligi ya taifa ikafuata baada ya hapo.

Timu 20 zilishiriki, kila moja ikicheza mechi 38. Ushindi ulikuwa na alama tatu na sare alama moja. Timu zinapolingana kwa alama, kigezo cha kwanza nchini Brazili si tofauti ya mabao bali idadi ya mechi zilizoshinda. Tofauti ya mabao huangaliwa baadaye. Kanuni hii ilikuwa na uzito siku ya mwisho ya msimu, kama inavyoelezwa hapa chini.

Timu nne za mwisho hushuka kwenda Série B. Katika msimu huo timu sita za juu zilipata nafasi ya kucheza Copa Libertadores, mashindano makubwa ya klabu za Amerika Kusini, na zilizofuata zilikwenda Copa Sudamericana. Kabla ya msimu kuanza, idadi ya wachezaji wa kigeni wanaoruhusiwa kwa timu katika mechi moja iliongezwa kutoka watano hadi saba.

Timu shiriki

Timu zilizopanda kutoka Série B zilikuwa Cruzeiro, Grêmio, Bahia na Vasco da Gama. Zote nne zimewahi kuwa mabingwa wa Brazili, hivyo wengi walihesabu kwamba ligi ilikuwa imerudishiwa wakubwa wake. Zilichukua nafasi za Ceará, Atlético Goianiense, Avaí na Juventude.

Jimbo la São Paulo lilikuwa na timu tano: Palmeiras, Santos, Corinthians, São Paulo na Red Bull Bragantino. Rio de Janeiro lilikuwa na nne: Flamengo, Fluminense, Botafogo na Vasco da Gama. Minas Gerais lilikuwa na tatu: Atlético Mineiro, Cruzeiro na América Mineiro. Nyingine zilikuwa Grêmio na Internacional kutoka Rio Grande do Sul, Athletico Paranaense na Coritiba kutoka Paraná, pamoja na Goiás, Cuiabá, Fortaleza na Bahia.

Baadhi ya klabu hizi zilikuwa zimebadili umiliki baada ya sheria ya mwaka 2021 iliyoruhusu klabu za mpira kuwa kampuni na kuuza hisa. Kabla ya hapo klabu kubwa za Brazili zilikuwa mali ya wanachama. Botafogo ilinunuliwa na mfanyabiashara Mmarekani John Textor, Cruzeiro na mshambuliaji wa zamani Ronaldo, Vasco na kampuni ya 777 Partners, na Bahia na City Football Group, wamiliki wa Manchester City.

Botafogo: kupanda na kuporomoka

Botafogo haikutajwa miongoni mwa timu za kuwania ubingwa. Ilikuwa imeshuka daraja mwaka 2020, ikarudi kwa kutwaa Série B mwaka 2021, na taji lake la mwisho la ligi lilikuwa la mwaka 1995. Chini ya kocha Mreno Luís Castro ilianza msimu kwa ushindi wa 2–1 dhidi ya São Paulo na kuendelea kuzoa alama, mshambuliaji Tiquinho Soares akifunga karibu kila wiki.

Mwishoni mwa Juni, Castro aliondoka kwenda Al Nassr ya Saudi Arabia huku timu ikiwa kileleni. Cláudio Caçapa alishika nafasi yake kwa muda, kisha akaja Mreno mwingine, Bruno Lage. Mwanzoni mabadiliko hayo hayakuonekana kuidhuru timu. Ilimaliza duru ya kwanza ya mechi 19 ikiwa na alama 47, baada ya kushinda 15, sare mbili na kupoteza mbili, na hivyo kuifikia rekodi ya Corinthians ya mwaka 2017 kwa duru ya kwanza yenye timu 20.

Duru ya pili ilikuwa kinyume kabisa. Tiquinho aliumia mwezi Agosti, matokeo yakaanza kusuasua, na mapema Oktoba Lage alifutwa kazi. Lúcio Flávio alikabidhiwa timu kwa muda. Tarehe 18 Oktoba Botafogo iliishinda América Mineiro 2–1 ugenini. Hakuna aliyejua kwamba huo ndio ungekuwa ushindi wake wa mwisho katika msimu.

Mechi iliyobadili mbio za ubingwa ilichezwa tarehe 1 Novemba katika uwanja wa Nilton Santos jijini Rio. Botafogo ilikuwa na alama 59 na Palmeiras 53. Hadi mapumziko wenyeji waliongoza 3–0 kwa mabao ya Eduardo, Tchê Tchê na Júnior Santos, na ushindi ungeifanya tofauti kuwa alama tisa. Mapema kipindi cha pili Endrick, kijana wa miaka 17 wa Palmeiras ambaye tayari alikuwa ameuzwa kwa Real Madrid, alipunguza bao moja. Baadaye beki Adryelson wa Botafogo alitolewa kwa kadi nyekundu. Hata hivyo Botafogo ilipata penalti ambayo ingeweza kumaliza mechi, lakini kipa Weverton aliipangua penalti ya Tiquinho. Endrick alifunga la pili, José Manuel López akasawazisha dakika ya 89, na beki Murilo akafunga la nne katika dakika ya tisa ya nyongeza. Palmeiras ilishinda 4–3. Textor aliwalalamikia waamuzi hadharani mara baada ya mechi, na mvutano wake na viongozi wa mpira wa Brazili uliendelea hadi msimu uliofuata.

Siku tano baadaye Botafogo ilifungwa 1–0 na Vasco. Tarehe 9 Novemba ilicheza na Grêmio katika uwanja wa São Januário na kuongoza 3–1, lakini Luis Suárez wa Uruguay alifunga mabao matatu katika kipindi cha pili na Grêmio ikashinda 4–3. Kwa hiyo ndani ya siku tisa timu iliyokuwa ikiongoza ligi ilipoteza mechi mbili ambazo ilikuwa mbele kwa mabao mawili au zaidi. Baada ya sare ya 2–2 na Bragantino, kocha mwingine, Tiago Nunes, aliletwa, ila sare zikaendelea kufuatana: 2–2 na Fortaleza katika mechi ya kiporo, 1–1 na Santos, 1–1 na Coritiba na 0–0 na Cruzeiro. Ile ya Coritiba ilikuwa ya ajabu kuliko zote, kwani Botafogo ilipata bao la penalti katika muda wa nyongeza na bado ikasawazishiwa kabla ya filimbi ya mwisho. Katika mechi ya kufunga msimu ilifungwa 3–1 na Internacional.

Kwa jumla Botafogo ilicheza mechi 11 za mwisho bila kushinda, ikitoka sare sita na kupoteza tano. Katika duru ya pili yote ilipata alama 17 tu. Hesabu inaonyesha ukubwa wa hasara hiyo: kama ingelinda uongozi wake dhidi ya Palmeiras na Grêmio tu, na matokeo mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa, ingemaliza na alama 70 dhidi ya 67 za Palmeiras, na ingekuwa bingwa.

Ubingwa wa Palmeiras

Palmeiras ya kocha Mreno Abel Ferreira haikuwa na msimu mwepesi. Mshambuliaji wake Dudu aliumia goti mwezi Agosti, na mapema Oktoba timu ilitolewa na Boca Juniors kwa penalti katika nusu fainali ya Copa Libertadores. Baada ya hapo Endrick alipewa nafasi ya kuanza mara kwa mara, na timu ikawa tayari kunufaika Botafogo ilipoteleza.

Ilipofika raundi ya mwisho Palmeiras ilikuwa na alama 69, tatu zaidi ya Atlético Mineiro na Flamengo, pamoja na tofauti kubwa ya mabao. Sare ya 1–1 na Cruzeiro katika uwanja wa Mineirão, bao likifungwa na Endrick, ilitosha kukamilisha kazi. Grêmio, iliyokuwa Série B mwaka mmoja kabla, iliishinda Fluminense 3–2 ugenini siku hiyohiyo na kuruka hadi nafasi ya pili.

Kushuka kwa Santos

Pelé alifariki tarehe 29 Desemba 2022, miezi michache kabla ya msimu kuanza. Alikuwa ameichezea Santos kuanzia 1956 hadi 1974, na kwa muda mrefu klabu hiyo ilijivunia, pamoja na Flamengo na São Paulo, kuwa miongoni mwa vigogo vitatu visivyowahi kushuka daraja.

Santos ilipitia makocha wanne wakati wa ligi: Odair Hellmann, Paulo Turra, Diego Aguirre na Marcelo Fernandes. Hellmann aliondolewa mwezi Juni baada ya kufungwa nyumbani na Corinthians 2–0, mechi iliyokatishwa kwa sababu mashabiki walirusha fataki uwanjani. Klabu iliadhibiwa kucheza mechi kadhaa bila watazamaji. Vasco nayo ilipewa adhabu ya aina hiyo kwa vurugu za juma hilohilo. Tarehe 22 Oktoba Santos ilifungwa 7–1 na Internacional huko Porto Alegre.

Kabla ya raundi ya mwisho, nafasi moja ya kushuka ilikuwa bado haijajazwa. Santos ilikuwa na alama 43, Vasco 42 na Bahia 41, maana yake Santos ndiyo iliyokuwa salama zaidi kati ya hizo tatu. Tarehe 6 Desemba Bahia iliifunga Atlético Mineiro 4–1 na Vasco ikaifunga Bragantino 2–1. Katika uwanja wa Vila Belmiro, Marinho, mchezaji wa zamani wa Santos, aliifungia Fortaleza bao la kwanza. Messias alisawazisha. Katika muda wa nyongeza, kipa João Paulo akiwa amepanda mbele kutafuta bao, Juan Martín Lucero alipiga mpira kutoka mbali ukaingia katika lango tupu, na matokeo yakawa 2–1.

Mara nyingi bao la Lucero hutajwa kuwa ndilo lililoishusha Santos, lakini sivyo. Kwa sare Santos ingefikisha alama 44 sawa na Bahia, na Bahia ilikuwa na ushindi 12 dhidi ya 11 wa Santos. Kwa matokeo ya viwanja vingine, ushindi pekee ndio ungeiokoa. Usiku huo magari na mabasi yalichomwa moto katika mji wa Santos. Uongozi mpya uliochaguliwa siku chache baadaye ulitangaza kwamba jezi namba 10, iliyokuwa ya Pelé, haitavaliwa klabu ikiwa Série B.

Msimamo wa mwisho

1. Palmeiras – alama 70
2. Grêmio – 68
3. Atlético Mineiro – 66
4. Flamengo – 66
5. Botafogo – 64
6. Red Bull Bragantino – 62
7. Fluminense – 56
8. Athletico Paranaense – 56
9. Internacional – 55
10. Fortaleza – 54
11. São Paulo – 53
12. Cuiabá – 51
13. Corinthians – 50
14. Cruzeiro – 47
15. Vasco da Gama – 45
16. Bahia – 44
17. Santos – 43 (ilishuka)
18. Goiás – 38 (ilishuka)
19. Coritiba – 30 (ilishuka)
20. América Mineiro – 24 (ilishuka)

Fluminense na São Paulo pia zilikwenda Copa Libertadores 2024, ya kwanza kama bingwa mtetezi wa mashindano hayo na ya pili kama bingwa wa Copa do Brasil.

Wafungaji na tuzo

Paulinho wa Atlético Mineiro alikuwa mfungaji bora kwa mabao 20. Suárez na Tiquinho Soares walifunga 17 kila mmoja, na Hulk wa Atlético Mineiro 15. Suárez, aliyetoa pia pasi 11 za mabao akiwa na umri wa miaka 36 na goti linalomsumbua, alipewa tuzo ya Bola de Ouro ya mchezaji bora wa ligi, kisha akahamia Inter Miami ya Marekani.

Kashfa ya kamari

Mwezi Mei, waendesha mashtaka wa jimbo la Goiás waliwafikisha mahakamani wachezaji kadhaa katika uchunguzi ulioitwa Operação Penalidade Máxima. Walidaiwa kupokea fedha kutoka kwa wacheza kamari ili wafanye matendo fulani uwanjani, kwa mfano kupata kadi ya njano kwa makusudi, katika mechi za mwaka 2022 na za mashindano ya majimbo ya 2023. Klabu ziliwasimamisha au kuvunja mikataba ya baadhi yao, na FIFA ilizipa nguvu duniani kote adhabu za kufungiwa zilizotolewa Brazili.

Baada ya msimu

Santos ilirudi Ligi Kuu mara moja kwa kutwaa ubingwa wa Série B mwaka 2024. Mwaka huohuo Botafogo, chini ya kocha mwingine Mreno, Artur Jorge, ilitwaa Copa Libertadores na pia ubingwa wa Série A, huku Palmeiras ikimaliza ya pili.